"Ni uzee tu": Kauli inayomwacha mzee na maumivu yake

SALAMU zetu ni nzuri, lakini wodini zinaweza kuficha maumivu.

Muuguzi wa zamu ya asubuhi anapita kitanda hadi kitanda. Anafika kwa bibi wa miaka 78 na kumwamkia kwa adabu: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Bibi anajibu kama alivyofunzwa tangu utoto: "Marahaba mwanangu, sijambo, namshukuru Mungu." Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, anasogea kitanda kinachofuata. Bibi huyo anaweza kuwa hajafumba jicho usiku kucha kwa maumivu ya nyonga.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Kwa Mswahili, "sijambo" ni adabu kwanza, habari za afya zinafuata baadaye. Mtaani tunajua kusubiri ile sehemu ya pili: "Sijambo, ila mgongo tu." Wodini, muuguzi mwenye wagonjwa wengi hana muda wa kuisubiri hiyo "ila".

Jambo hili linawagusa wazazi wengi wa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke. Ni watu wa umri wa kati. Watoto wako shule, na mama au baba ameletwa kutoka Rufiji, Lindi, Songea au Bukoba aje atibiwe mjini. Wao ndio wanaompeleka mzee kituo cha afya, wao ndio wanaobeba uji kwenye hotpoti saa ya kuona wagonjwa, na wao ndio wanaoambiwa mwisho wa yote: "Ni uzee tu huo."

Kauli hiyo inatoka wapi? Kwa nini hata wauguzi wenye moyo mzuri wanaiamini? Na wewe mtoto wa huyo mzee ufanye nini?

Muuguzi ndiye mlango wa dawa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa umri huo takribani milioni 2.5 nchini. Wengi wao wanaishi na maumivu ya aina fulani: magoti, mgongo, miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari, au saratani.

Wanapolazwa, daktari huwapitia kwa muda mfupi, mara nyingi mara moja kwa siku. Anayekaa nao mchana na usiku ni muuguzi. Yeye ndiye anayemgeuza mzee, anayefunga kidonda, anayemsikia akiguna saa nane za usiku.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wengi hawalijui. Mara nyingi daktari huandika dawa ya maumivu itolewe "ikihitajika", tofauti na dawa ya presha au ya kuua vijidudu ambayo ina saa zake. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kuitoa au kutoitoa unabaki kwa muuguzi. Sasa fikiria: muuguzi anasubiri mgonjwa aombe, mzee anasubiri aulizwe, kwa sababu hataki kusumbua watu. Wote wawili wanangoja, dawa iko kabatini, na usiku unapita.

Hapo ndipo mtazamo wa muuguzi unapokuwa na uzito. Akiamini maumivu ya mzee ni ya kweli na yanatibika, atauliza. Akiamini ni uzee, hatauliza.

Walichogundua watafiti

Mtu aliyebadilisha fikra za wauguzi duniani kuhusu maumivu alikuwa muuguzi mwenzao, Margo McCaffery wa Marekani. Mwaka 1968 alianza kufundisha kwamba anayejua ukubwa wa maumivu ni mgonjwa mwenyewe, na kazi ya mhudumu ni kumwamini. Ni fikra ile ile ya wahenga wetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1987, yeye na Betty Ferrell walitunga dodoso la kupima maarifa na mtazamo wa wauguzi kuhusu maumivu. Dodoso hilo limetumika katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Watafiti wengi huchukulia asilimia 80 kuwa ndiyo alama ya kufaulu, na mara nyingi wauguzi wanaopimwa hawaifikii. Hilo limeonekana hata katika nchi tajiri, kwa hiyo si la Watanzania peke yetu.

Majibu yanayokosewa zaidi hujirudia: hofu ya dawa kali, kutomwamini mgonjwa asiyeonekana kuteseka, na kuamini kwamba umri unaeleza kila kitu. Tuzitazame imani hizo moja baada ya nyingine, maana sisi ndugu wa mgonjwa nasi tunazo.

Imani ya kwanza: Mzee hasikii maumivu kama kijana

Ni kweli mwili unapozeeka, namna ya kupokea baadhi ya hisia hubadilika. Mzee anaweza kuchelewa kuhisi joto dogo la pasi au kikombe. Anaweza hata kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua tuliyozoea kuyasikia. Lakini maumivu makali yakishaanza, hakuna ushahidi kwamba mzee anaumia kidogo kuliko kijana. Uwezo wake wa kuyavumilia kwa muda mrefu unaweza hata kuwa mdogo zaidi.

Kinachotudanganya ni ukimya wake. Wazee wa leo walilelewa kwa neno "jikaze". Mwanamume alifundishwa jandoni kwamba halii. Mwanamke alisifiwa kwa kujifungua bila kupiga kelele. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala na mfupa uliovunjika akaomba maji tu.

Imani ya pili: Maumivu ni sehemu ya uzee

Uzee unaongeza magonjwa yanayouma, lakini uzee wenyewe hauumi. Kila maumivu yana chanzo chake, na vyanzo vingi vinatibika au vinapunguzwa makali.

Mfano ni babu anayelalamika mgongo kwa miezi mitatu, hasa usiku. Akiambiwa ni uzee, anarudishwa nyumbani na panado. Kumbe maumivu ya mgongo kwa mzee wa kiume yanaweza kuwa dalili ya saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Yanaweza pia kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au pingili iliyovunjika kwa sababu mifupa imekuwa dhaifu.

Mfano mwingine ni bibi aliyeugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yamekauka, ngozi imepona, lakini anasema panachoma hata akiguswa na kanga. Hadeki. Mishipa ya fahamu imeumizwa, na hali hiyo huwapata zaidi watu wa umri mkubwa. Dawa yake ni tofauti na dawa ya goti.

Ndiyo maana maneno ya mzee yana thamani. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa: kuwanga, kupwita, kusokota, kuchoma, kukata, kuvuta, kuwaka moto, kufa ganzi. Mzee akisema miguu inawaka moto, ina ganzi, au kama wadudu wanatembea, anaelekeza kwenye mishipa ya fahamu, pengine kisukari. Akisema goti linakaza asubuhi na kuuma akipanda ngazi, anaelekeza kwenye maungio. Ukiyafupisha yote kuwa "anaumwa miguu", umemnyima mhudumu nusu ya taarifa.

Wapo pia wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Maumivu wanayasema kwa Kihaya, Kimakonde au Kinyakyusa. Kama wodini hakuna anayewaelewa, mkalimani ni wewe.

Imani ya tatu: Dawa kali itamfanya teja, au itamuua

Hofu hii ina mizizi, na hasa kwetu Dar es Salaam. Familia nyingi za Kinondoni na Temeke zimeona unga ulivyowaharibu vijana. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini, zikafuata za Mwananyamala na Temeke. Muuguzi au ndugu aliyeona hayo akisikia neno morfini, ambayo ni ya ukoo mmoja na heroini, lazima ashtuke. Hata Marekani ilipata janga kubwa la uraibu lililochangiwa na madaktari kuandika ovyo dawa za jamii hiyo kwa maumivu ya kila aina.

Lakini tatizo la nchi zetu ni kinyume cha lile la Marekani. Mwaka 2017, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Huku kwetu watu wanakufa na maumivu ambayo dawa yake ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Mwaka 1986, WHO ilitoa ngazi ya hatua tatu kwa wagonjwa wa saratani: maumivu madogo huanzia na dawa kama paracetamol, yakizidi huongezwa dawa ya kati, na makali hutibiwa kwa morfini. Mgonjwa wa saratani anayepewa morfini ya maji kwa kipimo sahihi, kwa saa zake, chini ya uangalizi, ni nadra kuwa mraibu. Wala morfini iliyopimwa vizuri haimharakishii mgonjwa kifo. Kwa mzee kanuni ni kuanza na kiasi kidogo na kuongeza taratibu, kuangalia figo zake, na kumpa dawa ya kulainisha choo kwa sababu morfini hufunga choo.

Hapa nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, imehudumia wagonjwa wa aina hii kwa miaka mingi. Jirani zetu Uganda walikwenda mbali zaidi. Baada ya daktari Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, nchi hiyo ilibadilisha kanuni zake, na kufikia mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waliruhusiwa kuandika morfini. Walipofundishwa na kuaminiwa, wauguzi wale wale waliokuwa wakiiogopa dawa hiyo ndio walioipeleka hadi majumbani kwa wagonjwa.

Imani ya nne: Aliyetulia haumwi

Hii ndiyo inayowaumiza zaidi wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu, wale wanaosahau hata majina ya watoto wao.

Mwaka 2000, watafiti wa New York walichapisha utafiti uliowalinganisha wazee waliovunjika nyonga. Kundi moja lilikuwa na akili timamu, jingine lilikuwa na usahaulifu mkubwa. Mfupa uliovunjika ni ule ule. Lakini wale wenye usahaulifu walipewa takribani theluthi moja tu ya kiasi cha morfini walichopewa wenzao. Hawakuweza kuomba, basi hawakupewa.

Kwa wagonjwa wa namna hii kuna kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 2003, kinachoitwa PAINAD. Muuguzi huangalia mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa anatulizika akibembelezwa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Hakihitaji mashine. Kinahitaji dakika chache na mtu wa kutazama. Dakika hizo muuguzi anaweza kuzikosa, lakini anayemkalia mgonjwa anazo.

Jifunze kutazama mambo haya kwa mzee wako:

- Anakunja uso au kufumba macho kwa nguvu akigeuzwa.
- Anaguna, anaita ovyo, au amenyamaza ghafla wakati si kawaida yake.
- Anashika au analinda sehemu moja ya mwili, hataki iguswe.
- Amekataa chakula anachokipenda.
- Amekuwa mkali, anasukuma mikono ya anayemwogesha.
- Halali, au anahangaika kitandani.

Mzee mwenye usahaulifu anayeitwa mkorofi huenda ana jino bovu, choo kigumu au kidonda mgongoni.

Tusiwatupie wauguzi lawama zote

Ni rahisi kusema wauguzi hawana huruma. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wodi nzima, huku huyu dripu imeisha, yule anatapika, mwingine ameletwa sasa hivi kutoka mapokezi. Dawa kali hufungiwa kabatini, hutolewa kwa kusainiwa kwenye daftari, na zikipotea muuguzi anawajibika. Akimpa mzee dawa, na mzee akapoteza fahamu, ataulizwa yeye. Asipompa, mara nyingi hakuna atakayeuliza. Hali hiyo inafundisha woga.

Nasi nyumbani tunachangia. Tunamwambia mama "jikaze, utapona". Tunamleta hospitali baada ya miezi sita ya kununua vidonge dukani. Tunakataa morfini kwa niaba yake bila kumuuliza. Tunamjibia akiulizwa: "Anaendelea vizuri, dokta." Kauli ya "ni uzee" husemwa sebuleni kabla ya kusemwa wodini.

Maumivu yasiyotibiwa yana gharama

Mzee mwenye maumivu haamki kitandani. Asiyeamka hupata vidonda vya kulalia, misuli hulegea, mapafu hujaa na nimonia huingia. Maumivu yanamnyima usingizi na hamu ya kula. Yanapandisha presha. Kwa mzee aliyevunjika nyonga, maumivu makali yanaweza kumchanganya akili ghafla, akaanza kuongea asiyoyajua, ndugu wakadhani karogwa au kapata wazimu.

Mzee aliyepewa dawa ya kutosha huweza kukaa, kupumua vizuri, kufanya mazoezi anayoelekezwa na kurudi nyumbani mapema. Kwa mzee, dawa ya maumivu ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Tahadhari ya duka la dawa

Wazee wengi wa mitaani wanajitibu. Goti likiuma, mjukuu anatumwa dukani na sh1,000 alete vidonge au sindano ya kutuliza. Hapa kuna hatari ambayo kila familia inapaswa kuijua.

Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu kweli, lakini kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Hatari huongezeka kama anatumia dawa za presha au za moyo. Akipata choo cheusi kama lami, mpeleke hospitali mara moja. Usimpe dawa mbili za jamii hiyo kwa pamoja, hata kama majina kwenye pakiti ni tofauti.

Paracetamol ni salama zaidi ikiwa haizidishwi. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mzee aliyekonda, asiyekula vizuri au mwenye ugonjwa wa ini hupangiwa kiasi kidogo zaidi na daktari. Kumbuka dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani.

Tramado isinunuliwe kiholela. Inaweza kumpa mzee kizunguzungu na kumwangusha chooni, ukaongeza tatizo la pili.

Kuchua kwa mafuta na kukanda kwa maji ya uvuguvugu kunaweza kusaidia misuli na magoti. Lakini mzee aliyeanguka na hawezi kusimama asichuliwe. Anaweza kuwa amevunjika nyonga.

Usisubiri kliniki ya wiki ijayo kama mzee ana maumivu ya kifua na jasho, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma ghafla kuliko ilivyowahi kuwa, au mgongo unaouma huku miguu inalegea au mkojo hautoki.

Ukifika wodini, fanya hivi

*Badilisha swali.* Acha "unaendeleaje?" Uliza: "Mama, panauma wapi sasa hivi? Ukigeuka je? Ukikohoa je? Usiku ulilala?" Wapo wazee wanaokataa neno maumivu lakini wanakubali "panasumbua" au "panavuta". Tumia neno lake.

*Pima kwa vidole.* Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Mwambie akuonyeshe. Hata asiyejua kusoma anaweza, na muuguzi ataelewa ukimwambia: "Jana ilikuwa viwili, leo ni vinne."

*Andika kwenye simu.* Saa, mahali panapouma, kinachoyazidisha, dawa aliyopewa, na hali yake saa moja baadaye. Mistari mitano inatosha. Daktari akipita utamsomea.

*Zungumza na muuguzi kwa heshima na kwa hoja.* Ukianza na "mbona hammpi mama dawa?" umeanzisha ugomvi. Jaribu hivi: "Samahani sista, pole na kazi. Mama hajalala tangu juzi. Akigeuzwa upande wa kulia analia. Kuna dawa ya maumivu aliyoandikiwa? Anaweza kupewa kabla ya kuogeshwa?" Hapo umempa muuguzi kitu cha kuandika kwenye faili na cha kumwambia daktari.

*Uliza kama dawa ina saa.* Kama maumivu yapo muda wote, mwombe daktari aangalie uwezekano wa dawa kutolewa kwa saa badala ya "ikihitajika".

*Kama husikilizwi, panda ngazi.* Mwone muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha daktari wa zamu. Kama kikwazo ni fedha, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Sera inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, lakini utaratibu huo unahitaji kufuatiliwa na kitambulisho chake kiwepo.

*Shukuru panapostahili.* Muuguzi aliyemsikiliza mama yako usiku, mtaje kwa jina kwa mfawidhi wake. Huduma nzuri ikisemwa, wenzake nao husikia.

Watoto wanatazama

Kuna sababu moja zaidi ya mzazi kulichukulia hili kwa uzito. Watoto wetu wanajifunza utu kwa kutazama tunavyowatendea wazee. Mtoto anayesikia kila siku "achana na bibi, huo ni uzee" ataibeba kauli hiyo, na huenda siku moja akavaa sare nyeupe na kuingia nayo wodini. Wauguzi wa kesho ndio hawa wanaofanya homuwaki mezani kwako leo.

Unaweza kumpa mtoto kazi ndogo. Mtoto wa miaka minane anaweza kumuuliza bibi jioni panauma wapi, akamwonyesha vidole, na kukuletea jibu. Anaweza kumsogezea fimbo, kumletea maji ya kunywea dawa, na kukaa naye. Bibi ambaye hatakwambia wewe kwa kuogopa kukuongezea gharama, mara nyingi atamwambia mjukuu.

Leo jioni, baada ya shikamoo na marahaba kwisha, kaa karibu naye, umuulize panauma wapi, kisha subiri jibu.